Nani Aliandika Sura Yako ya Nne?

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda. Leo wanaomaliza ndio wananilisha. Msimu wa tasnifu ukifika, simu yangu haipoi: "Niaje, unaweza nifanyia sura ya nne? Data iko, ni SPSS tu imenilemea." Natumiwa faili kwa WhatsApp, natumiwa pesa kwa M-Pesa, na asubuhi narudisha majedwali safi.

Kwa hivyo ninayosema hapa yananiharibia biashara. Sawa tu.

SPSS ilianza 1968 pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 2009 IBM waliinunua kampuni yake kwa dola bilioni 1.2. Si programu mbaya, ila ni ya kulipia. Msimamizi anakuambia, "Tumia SPSS." Leseni hakupi. Basi unaenda kwa jamaa wa saiba mwenye flashi, unawekewa nakala ya wizi, na virusi juu. Chuo kinachoweza kukufukuza kwa kunakili aya za wenyewe kinakufumbia macho ukiiba programu nzima. Hayo ni maadili gani?

Na hakuna haja ya kuiba. R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, ni ya bure. PSPP, iliyoundwa kufanana na SPSS, ni ya bure. Jamovi pia. Mimi nilijifunza R usiku, kwa bando za kuungaunga, bila mwalimu. Ukiuliza mbona haifundishwi, utaambiwa wanafunzi wataona ni ngumu. Wanafunzi gani? Hawa wanaopiga hesabu za mkeka wa mechi kumi na mbili kichwani?

Lakini hata leseni si kidonda chenyewe. Mteja mmoja alikuwa amehoji mama mboga kuhusu mikopo. Hali ya ndoa aliipa nambari: 1 hajaolewa, 2 ameolewa, 3 mjane, 4 ametalikiwa. Akabonyeza, programu ikampa wastani: 2.37. Akataka nimwandikie aya kuuhusu. Yaani mama mboga wa kawaida ameolewa, na mumewe amekufa kidogo!

Programu haina aibu. Iambie itafute wastani wa nambari za simu, itakupa, na desimali juu. Nilipomweleza, akanijibu, "Msee, wewe andika tu. Wanataka kuona majedwali." Niliandika. Alipita.

Mwingine aliniomba nirudie hesabu hadi p ishuke chini ya 0.05. Nirudie nini na data ni ileile? Alimaanisha nibadilishe majibu ya watu. Huyo nilimkataa, lakini najua alipata wa kumfanyia.

Sasa fikiria wale akina mama. Walijibu hojaji wakiwa wamesimama, sukuma mkononi, wateja wakingoja. Walitupa ukweli wao bure, nasi tukaufanyia biashara.

Wahadhiri, dawa yangu si ghali. Fundisheni programu huria. Kisha siku ya kutetea tasnifu, chagueni jedwali lolote, mfunge kitabu, mmuulize mwanafunzi: hili linasema nini kuhusu watu uliowahoji?

Swali hilo moja litanitoa sokoni. Liulizeni.