Muziki uliozimwa enzi za Kisovieti: kwa nini unasakwa leo, na vita vya Ukraine vimebadilisha nini

Wasikilizaji wetu wenye umri wanaikumbuka Radio Moscow, iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili miaka ya Vita Baridi. Nchi iliyoimiliki redio hiyo, Muungano wa Kisovieti, ilivunjika Desemba 1991. Ugomvi juu ya mali iliyoachwa haujaisha hadi leo. Tunasikia kila siku habari za ardhi, gesi na silaha. Leo tunaeleza mali nyingine isiyotajwa sana kwenye taarifa za habari: muziki uliorekodiwa kwenye santuri na kanda, na ule ambao haukupewa nafasi ya kurekodiwa kabisa.

Huu ni muziki wa okestra na wa piano, ule unaoandikwa kwanza kwa nota kisha wapigaji wakausoma. Majina makubwa kama Shostakovich na Prokofiev yanajulikana dunia nzima. Nyuma yao kulikuwa na watunzi wengi ambao kazi zao ni adimu. Katika nchi nyingi kuna watu wanaotumia miaka kuzitafuta rekodi hizo.

Kwa nini zilikuwa adimu?

Jibu ni kwamba mlango ulikuwa mmoja. Ukumbi wa maonyesho, redio, kiwanda cha santuri na mchapishaji wa nota, vyote vilikuwa vya serikali. Mwaka 1964 viwanda na studio za kurekodi viliunganishwa kuwa kampuni moja ya taifa iliyoitwa Melodiya. Mtunzi akikataliwa hapo, hakuwa na pa kwenda.

Mshairi aliyekatazwa aliweza kunakili shairi lake kwa mkono usiku na kumpa rafiki. Mwenye simfonia, yaani kazi ndefu ya okestra nzima, hakuweza. Anahitaji watu themanini au zaidi, ukumbi na vipaza sauti. Hakuna anayekusanya watu themanini kwa siri. Kwa hiyo kila rekodi ya okestra ya wakati ule inatuambia pia kwamba kuna mkubwa fulani aliyekubali ipigwe.

Na kibali kiliweza kuondolewa wakati wowote. Februari 1948 Kamati Kuu ya chama cha Kikomunisti ilitoa azimio lililowashutumu kwa majina watunzi sita, wakiwemo Shostakovich na Prokofiev wenyewe. Kama wakubwa hao waliguswa, fikiria hali ya wadogo.

Watu watatu, hatima tatu

Wa kwanza ni Gavriil Popov, naye alikuwa mmoja wa wale sita. Simfonia yake ya kwanza ilipigwa Leningrad tarehe 22 Machi 1935. Kesho yake ikapigwa marufuku. Hata marufuku ilipoondolewa, hakuna okestra iliyothubutu kuigusa, na Popov alifariki mwaka 1972 bila kuisikia tena jukwaani. Leo unaweza kuisikiliza kwenye simu, ikipigwa na London Symphony Orchestra chini ya Leon Botstein.

Wa pili ni Vsevolod Zaderatsky, mzaliwa wa Rivne, mji ulioko Ukraine ya sasa. Mwaka 1937 alikamatwa na kupelekwa kwenye kambi za kazi ngumu za Kolyma, mashariki ya mbali yenye baridi kali. Huko, bila piano, alitunga vipande 24 vya piano, kila kimoja na sehemu mbili, akiviandika kwenye fomu za telegramu. Alifariki mwaka 1953. Vipande hivyo vilipigwa vyote pamoja hadharani kwa mara ya kwanza Moscow, Desemba 2014, zaidi ya miaka 60 baada ya kifo chake.

Wa tatu ni Mieczysław Weinberg, Myahudi wa Warsaw. Mwaka 1939 alikimbia jeshi la Hitler na kuingia nchi ya Kisovieti. Wazazi wake na dada yake walibaki nyuma, wakauawa. Februari 1953 alikamatwa Moscow, akaachiwa baada ya kifo cha Stalin. Opera yake kuhusu kambi ya Auschwitz aliimaliza mwaka 1968, lakini ilichezwa jukwaani kikamilifu mara ya kwanza mwaka 2010 nchini Austria, miaka 14 baada ya yeye kufariki. Mwaka 2020 rekodi ya simfonia zake mbili, iliyoongozwa na mwanamama Mirga Gražinytė-Tyla, ilichaguliwa na jarida la Gramophone la Uingereza kuwa rekodi bora ya mwaka.

Vita vimebadilisha nini?

Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, mambo mawili yalitokea.

La kwanza ni njia kufungwa. Machi 2022 Visa na Mastercard zilisimamisha kazi zao Urusi, na kampuni kubwa za muziki, Universal, Sony na Warner, zikafanya vivyo hivyo. Melodiya yenyewe, ambayo serikali ya Urusi iliiuza kwa kampuni binafsi mwaka 2020, bado ina hazina ya rekodi za zamani. Lakini msakaji aliyezoea kumlipa muuza santuri wa Moscow kwa kadi ya benki hana tena njia hiyo.

La pili ni swali la nani mwenye muziki huu. Kwa miaka mingi maduka na vitabu vya nje viliweka kila kilichotoka nchi ile kwenye kapu moja, "muziki wa Kirusi". Chukua mfano wa Borys Lyatoshynsky, aliyezaliwa Zhytomyr na kufariki Kyiv mwaka 1968. Mwaka 1951 aliandika simfonia yake ya tatu na kuipa kauli kwamba amani itaishinda vita. Wakubwa hawakuipenda, wakamlazimisha aandike upya sehemu ya mwisho. Mwaka 2022 Kyiv Symphony Orchestra ilizunguka Ujerumani ikiipiga simfonia hiyo. Mwanafunzi wake, Valentyn Silvestrov, akiwa na miaka 84, alikuwa ameshakimbilia Berlin kama mkimbizi.

Tukiangalia kwa haki, kapu lile moja lilikuwa kosa. Lakini tusihamie kosa la pili, la kutupa kila kilichoandikwa Moscow. Popov na Weinberg walinyamazishwa na dola ileile. Ukiwazima leo kwa sababu ya vita ambavyo hawakuviona, unaimalizia kazi dola hiyo.

Ukitaka kutafuta mwenyewe

Badilisha tahajia. Majina haya yametoka kwenye herufi za Kirusi na Kiukraine, na kila nchi huyaandika kivyake. Weinberg huandikwa pia Vainberg au Vaynberg. Lyatoshynsky huandikwa pia Liatoshinsky. Ukikosa kwa tahajia moja, jaribu nyingine kabla ya kukata tamaa.

Weka wapigaji pia. Andika jina la mtunzi pamoja na la kiongozi wa okestra. Theodore Kuchar na Kirill Karabits, kwa mfano, wote wamerekodi Lyatoshynsky.

Soma lebo. Ukiona picha ya santuri ya Melodiya, tafuta neno GOST na namba zake. GOST 5289-73 ni kiwango cha ubora cha mwaka 1973, maana yake santuri hiyo haikutengenezwa kabla ya hapo.

Linda bando lako. Video inakula bando kuliko sauti, kwa hiyo shusha ubora wa picha hadi chini kabisa.

Sisi wa redio tuna sababu yetu ya kulifuatilia jambo hili. Kanda ni kitu cha kufutika, na kila kituo kilichowahi kuzitumia kinakijua kishawishi cha kufuta ya jana ili kurekodi ya leo. Fomu za telegramu za Zaderatsky zilisalimika kwa kuwa kuna watu waliozitunza bila kujua kama zitapigwa lini. Kama nyumbani kwako kuna kanda au santuri ya mzee ambayo haijasikilizwa miaka mingi, iondoe kwenye unyevu na vumbi, uandike juu yake ni ya nani na ya mwaka gani.