Enzi ya Miaka Minane

Katika Japani ya kale miaka ilipewa majina kwa amri ya mfalme. Palipotokea njaa, tetemeko la ardhi au maradhi, jina lilibadilishwa ili nuksi iondoke. Enzi iliyoitwa Ryakunin ilianza mwishoni mwa mwaka 1238, ikakoma mwanzoni mwa 1239.

Tusiwacheke Wajapani. Hapa Moshi, mjukuu alimwuliza babu yake wa Marangu alizaliwa mwaka gani. Mzee akajibu: "Nilizaliwa wakati wa Mangi Mkuu." Kijana, aliyekulia mjini, akabaki ameduwaa. Wamangi walikuwa wengi. Huyo Mkuu ni yupi?

Ni kweli walikuwa wengi. Machame, Kibosho, Kilema, Marangu na kwingineko, kila mahali palikuwa na mangi wake, na vita baina yao havikuwa vigeni. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza iliweka wakubwa watatu juu yao: Abdiel Shangali wa Hai, Petro Itosi Marealle wa Vunjo na John Maruma wa Rombo. Watu wengi hawakuridhika. Mwaka 1949 kikaundwa chama cha raia wa Kichagga, ambacho Petro Njau alikuwa miongoni mwa viongozi wake, kikadai mkuu mmoja atakayechaguliwa na wananchi wenyewe.

Kura zikapigwa mwaka 1951. Akashinda Thomas Marealle, mjukuu wa Mangi Marealle wa Marangu, aliyekuwa amesoma Uingereza. Januari 1952 akasimikwa.

Ilikuwa enzi ya fahari. Kahawa ilikuwa na bei nzuri. Wachagga wakawa na bendera yao, na tarehe 10 Novemba ikawa Siku ya Wachagga. Likatoka gazeti lililoitwa Komkya, yaani kumekucha. Mwaka 1957 Mangi Mkuu alisimama Umoja wa Mataifa kuzungumzia mustakabali wa Tanganyika.

Lakini swali likazuka: je, amechaguliwa kwa muda, au mpaka kufa kwake? Waliomwinua mabegani wakaanza kunong'ona kwamba dhamana inageuka kuwa mali. Upepo wa TANU nao ulikuwa ukivuma nchini, na vijana hawakutaka tena kiti kisichokuwa na kikomo. Mwaka 1960 wananchi wakaulizwa kwa kura, na wengi wakataka rais wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu. Solomon Eliufoo akashika nafasi hiyo. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa katika Tanganyika nzima. Marealle mwenyewe aliishi hadi mwaka 2007.

Wahenga walisema hakuna marefu yasiyo na ncha. Mangi Meli wa Moshi enzi yake ilikatwa na kamba ya Wajerumani mwaka 1900. Enzi ya Mangi Mkuu ilifunguliwa kwa kura, ikafungwa kwa kura, mkuki haukuinuliwa. Hilo ndilo la kumsimulia mtoto: cheo ni dhamana, na aliyekitoa anaweza kukidai.

Basi, mkipanda mlimani sikukuu ijayo, msikimbilie ndizi na nyama tu. Mketini na wazee, muwaulize walizaliwa wakati wa nani. Kalenda ya ukutani haitawajibu.