Mzazi Kurudi Chuoni Si Aibu

Wasomaji wapenzi, mwaukumbuka ule mdahalo wa chama chetu muhula uliopita? Hoja ilikuwa kwamba mzazi asirudi chuoni ilhali watoto wake wangali shuleni. Wapendekezaji walishinda, nasi wapinzani tukachekwa mpaka basi. Mimi nilikuwa mpinzani, na kengele ililia kabla sijamaliza. Leo hakuna kengele, kwa hivyo nisikizeni.

Kwanza tujiulize, mbona jambo hili limeingia majumbani mwetu? Sisi watu wa Changamwe, Miritini na Jomvu twaijua sababu. Zamani kontena likishushwa bandarini, watu wengi walipata riziki kwalo: makarani wa kutoa mizigo, madereva, matingo, mafundi wa malori na kina mama wa vibanda vya chakula. Januari 2018 treni ya mizigo ya reli mpya ya SGR ilianza kazi. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba makontena yote ya kwenda Nairobi yabebwe na reli. Watu waliandamana mjini Jumatatu kadhaa mpaka amri ikasimamishwa. Septemba 2022 Rais William Ruto akaamuru shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa. Lakini wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Aliyekwisha kupoteza kazi hakungoja miaka yote hiyo huku amekunja mikono.

Baba yangu ni mmoja wao. Alikuwa karani katika yadi moja ya makontena, na ana digrii ya kwanza. Kazi ilipoisha alihangaika na vibarua, kisha mwaka jana akaanza kusomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, hii ambayo watu huiita MBA. Ataka kuhamia kazi ya ununuzi na ugavi hospitalini.

Sasa, wengi katika mdahalo walisema ati huko ni kusoma biashara tu, na kwamba biashara hata mwenye kibanda aijua. Sivyo. Masomo haya huchukua kama miaka miwili. Mtu husoma hesabu za fedha za kampuni, kutafuta soko, kuongoza wafanyakazi na kupanga mambo ya mbele, kisha huandika utafiti wake. Uzuri wake ni kwamba haulizwi kama digrii ya kwanza ilikuwa ya biashara. Mwalimu, muuguzi au mhandisi aweza kuingia. Tena hapa Mombasa yapo madarasa ya jioni na ya wikendi, mtu akatoka kazini akaingia darasani.

Mfano ni Bwana Jeremy Awori, Mkenya mwenzetu. Digrii yake ya kwanza ni ya ufamasia, aliyoisomea Manchester, Uingereza. Baadaye alipata MBA katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada. Aliongoza benki ya Standard Chartered kule Tanzania, na mwaka 2013 akashika uongozi wa Barclays Kenya, ambayo sasa ni Absa. Mwaka 2023 akawa mkuu wa benki ya Ecobank, yenye makao yake Lomé, Togo. Mtu wa dawa akawa mtu wa benki! Lakini tusidanganyane: cheti kilimfungulia mlango tu. Kupanda ngazi alipanda kwa miaka ya kazi.

Wapendekezaji walikuwa na hoja moja nzito, nami sitaikwepa. Ni pesa. Karo ya chuo na karo ya shule zatoka mfuko mmoja. Mimi mwenyewe nimetumwa nyumbani mara mbili mwaka huu. Mama hunung'unika, na ana haki. Hata hivyo naona afadhali shida ya miaka miwili yenye mwisho, kuliko shida ya vibarua isiyo na mwisho. Mzazi akikaa bure, karo yangu italipwa na nani?

Pia sisemi kila mtu akimbilie uzamili. Hapo ndipo wanaosifu masomo haya huwasahau jirani zetu. Bila digrii ya kwanza huingii. Tingo aliyeachia shule darasa la nane hawezi kuambiwa, "Nenda ukasome MBA." Huyo atafaidika zaidi na kozi fupi ya ufundi wa umeme au magari. Hata mwenye digrii asiende kwa kuwa tu fulani ameenda. Ajiulize mambo matatu: je, kazi ninayoitaka yahitaji cheti hiki? Karo nitaitoa wapi mpaka mwisho? Na watu wa nyumbani tumekubaliana? Asiyeweza kujibu na angoje kwanza.

Mwisho, nageukia wenzangu. Wapo wanaoona haya kusema kwamba mzazi wao yuwasoma. Haya ya nini? Aibu ni kuiba, si kusoma. Baba akiwa na mtihani, mpunguzie kelele za redio, na umsaidie mama kazi za nyumbani bila kusukumwa. Nasi tusidhani kwamba kazi tutakayoichagua kidato cha nne ndiyo tutakayozeeka nayo. Reli imetufunza kwamba kazi yaweza kuondoka ikakuacha umesimama. Elimu haina mwisho, waungwana, na asiyekubali ajitokeze tukutane mdahalo ujao.