Divai Tamu, Kisukari na Swali Tusilouliza

Mwezi Desemba, wenyeji wa Kilimanjaro warejeapo vihambani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, chupa ya divai tamu ya Dodoma haikosekani katika mizigo. Huwekwa mezani karibu na kata ya mbege, na wanaoiona mbege kuwa nzito humiminiwa divai hiyo kana kwamba ni juisi ya zabibu. Ni desturi ya furaha, nami sioni sababu ya daktari kuingia sebuleni kuizima. Ila ushauri tunaoutoa kliniki kuhusu kinywaji hiki, kwa maoni yangu, hauilengi hatari yenyewe.

Hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza kilevi. Ikiachwa imalize kazi, hupatikana divai kavu. Ikikatizwa njiani, kwa ubaridi au kwa kuongezewa pombe kali, sukari hubaki. Divai yenye gramu 100 za sukari kwa lita (za Sauternes, Ufaransa, aghalabu huzidi hapo) hutia gramu 10 katika bilauri ndogo ya mililita 100, yaani vijiko viwili na nusu vya chai. Soda moja huweza kuzidisha hicho mara tatu.

Kwa hiyo tumwambiapo mgonjwa wa kisukari “acha vitamu” tukanyamaza, yeye huhamia divai kavu au konyagi, akiamini amepona hatari. Kumbe ini, likishughulika na kilevi, hupunguza kutengeneza sukari. Kwa anayetumia insulini au glibenklamaidi, tena hakula vya kutosha, sukari huweza kushuka saa nyingi baadaye, usingizini. Jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa hufanana na ulevi, na jamaa humwacha “alale zimtoke.” Akiwa macho na aweza kumeza, apewe kinywaji chenye sukari mara moja, akiwa amezimia, asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali.

Wahudumu wenzangu, tuulize basi: unakunywa nini, kiasi gani, umekula, na unatumia dawa gani? Tuulize bila kukunja uso, la sivyo tutajibiwa “sinywi, daktari.”

Wapo pia wanaompa mjamzito divai nyekundu ili “aongeze damu.” Rangi yake si damu. Mjamzito asionje hata kidogo. Upungufu wa damu hupimwa na kutibiwa kwa chanzo chake.

Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Asiyekunywa asianze. Kwa anayekunywa, naona ni heri ajue kuifurahia divai tamu kama ilivyokusudiwa: baada ya mlo, imepozwa, katika bilauri ndogo, ikinywewa polepole hadi ule uchachu ulio chini ya utamu ujitokeze. Divai tamu isiyo na uchachu huchosha ulimi upesi, kama chai iliyozidishwa sukari.

Tena asome lebo. Divai iliyoongezewa pombe kali huweza kufikia asilimia 18, na utamu pamoja na ubaridi huuficha ukali huo. Bilauri ya maji ya mililita 250 ikijazwa divai hiyo, mnywaji amekunywa kilevi kinachokaribia chupa mbili za bia za nusu lita, naye bado anadhani ameonja tu.