Kabla ya Kuchangia Betri ya Tatu



Juzi kamati ya usafiri iliweka ujumbe kwenye grupu ya kanisa tuchangie betri nyingine ya gari letu. Baadhi yenu mmeshatuma, na ninawashukuru kwa moyo huo. Lakini naomba tusimame hapo. Pesa mlizotuma zitarudishwa. Nitaeleza kwa nini, hata kama maelezo yenyewe yananiaibisha mimi wa kwanza.

Mnajua historia. Gari lilianza kuonyesha kwenye dashibodi kwamba betri iko chini. Mwezi wa tatu tukachanga, tukanunua mpya. Onyo likarudi. Dereva akawa anachaji usiku kucha pale nyuma ya kanisa, asubuhi anawasha, na onyo bado liko. Mwezi wa saba tukanunua ya pili. Wiki tatu hazijaisha, ibada ya Jumatano ikatukuta tunasukuma gari na akina mama wamevaa nguo za kwaya.

Maneno yakaanza. Wengine walisema dereva analala ndani akisikiliza redio. Wengine walisema alibadilisha betri mpya akatuwekea kuukuu. Mmoja akanipigia simu usiku kusema hii ni vita, tufunge siku tatu. Sikumkatalia, tuliomba. Lakini baada ya maombi hakuna aliyefungua boneti, na dereva tulimsimamisha kazi. Tulimsimamisha mbele ya watu, miezi miwili iliyopita, bila kupima kitu chochote.

Ndugu aliyeshika usukani badala yake naye alichaji usiku kucha, na asubuhi onyo likawa palepale. Mtu mwingine, chaja ileile, onyo lilelile. Hapo ningepaswa kuelewa. Sikuelewa.

Jumamosi iliyopita fundi wa umeme wa magari alikuja na mita mbili. Gari lilikuwa limechajiwa Alhamisi usiku, na tangu Ijumaa asubuhi waya za betri zilikuwa zimefunguliwa. Kabla ya kurudisha waya akapima betri: volti 12.7. Betri ya volti 12 ikiwa imejaa na imetulia husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na ikishuka chini ya 12 imekaribia kuisha. Kwa hiyo yetu ilikuwa imejaa. Akarudisha waya, akafungua swichi, na dashibodi ikasema betri iko chini. Nilimwuliza, sasa nani anadanganya? Akacheka, akasema hakuna anayedanganya, kompyuta haikuambiwa.

Hapa ndipo magari ya siku hizi yanatofautiana na yale tuliyozoea. Hili letu ni la aina inayozima injini yenyewe mkisimama kwenye foleni na kuiwasha tena. Kwenye kichwa cha hasi cha betri kuna kifaa kidogo cheusi, kihisi, kinachohesabu umeme unaoingia na unaotoka. Kompyuta hutegemea hesabu hiyo kuamua alternata ichaji kiasi gani na onyo litoke lini. Ni kama karani mlangoni: anayepita mbele yake huandikwa, anayepitia dirishani haonekani.

Sisi tulikuwa tunachajia dirishani. Klipu nyekundu kwenye chanya, sawa. Klipu nyeusi moja kwa moja kwenye kichwa cha hasi, juu ya kihisi. Umeme ukaingia kwenye betri bila kuhesabiwa. Betri imejaa, lakini daftari la karani bado linasema iko chini. Kwenye magari mengi ya namna hii klipu nyeusi hufungwa kwenye bodi, au kwenye chuma ambacho kitabu cha gari kinaonyesha. Kitabu kiko ndani ya gari letu. Mimi sikuwahi kukifungua, na sidhani kuna mtu wa kamati aliyewahi. Kuna sababu nyingine ya kufunga mbali na betri: inapochajiwa inaweza kutoa hewa ya hidrojeni, na cheche karibu nayo ni hatari. Soketi ya ukutani iwashwe mwisho, klipu zote zikiwa zimeshika.

Lakini hilo linaeleza onyo tu. Halielezi kwa nini Jumatano gari lilikataa kabisa kuwaka. Fundi alifunga gari, akaweka funguo mbali, maana kwenye magari mengine funguo za kisasa zikikaa karibu gari halilali, akatuambia tusubiri. Tulisubiri karibu saa nzima ili vifaa vyote vilale. Kisha akazungushia mita ya kukamata waya ule mkubwa unaopita kwenye kihisi. Ikasoma ampea 0.04. Gari lililolala kwa kawaida halitakiwi kuvuka ampea 0.05, kwa hiyo hapo palikuwa safi. Ndipo akaona waya mwingine mweusi, umefungwa juu ya kichwa cha hasi, unaelekea chini ya kiti. Akaukamata na mita. Ampea 1.1.

Ulikuwa waya wa amplifaya ya spika za mikutano ya nje.

Piga hesabu nami. Ampea 1.1 kwa saa 24 ni zaidi ya 26 kwa siku. Betri yetu ni ya 70. Gari likiegeshwa Jumapili jioni, kufikia Jumatano jioni zingekuwa zimetoka 79. Hakuna betri ya 70 itakayokubali hesabu hiyo, iwe mpya, iwe imeombewa. Na kwa kuwa waya umepitia dirishani, karani hakuona kitu kikitoka. Kushushwa hivyo mara kwa mara na kuachwa chini ndiko kunakoua betri kabla ya wakati wake. Tuliua ya kwanza, na hii ya pili tumeijeruhi.

Ile amplifaya niliagiza mimi. Vijana wa sauti waliniambia iwekewe swichi yake. Nikasema mkutano ni kesho, fungeni tu. Dereva hakuhusika. Alipochaji, alichaji kweli, na kama si yeye kuijaza kila Jumamosi tungekuwa tumekwama mara nyingi zaidi.

Najua kuna watakaosema, Pastor, jambo hili lingemalizwa ofisini, kwa nini kulileta mtandaoni? Kwa sababu tulimhukumu mtandaoni. Jumbe za kumshuku ziko kwenye grupu hadi leo, nimezihesabu, ni 17, na mbili ni zangu. Huwezi kumvua mtu heshima sokoni halafu ukamrudishia chumbani. Kamati imekubali alipwe miezi yake miwili. Hilo si ukarimu, ni deni.

Kuna wanaosema pia mambo ya mita ni ya mafundi, sisi tutoe tu sadaka. Sikubaliani. Mita ya kawaida ya mkononi haifikii hata sehemu ndogo ya bei ya betri moja, na kupima volti hakuhitaji cheti. Wengi wenu mna magari, matatu, tuktuk. Taa ya onyo haisemi nunua. Inasema angalia. Fundi akikwambia betri imekufa bila kuiwekea mita, mwambie aweke mita kwanza, kwa heshima lakini bila kuona haya.

Nimeulizwa sana tangu Jumamosi, basi niseme kwa wenye shida kama yetu. Kabla ya kuchaji, betri ikiwa imetulia saa chache, pima na uandike. Chaja ikiwaka, pima tena kwenye vichwa vya betri: volti zikipanda hadi kati ya 13.8 na 14.7, chaja inafanya kazi. Zikibaki palepale zilipokuwa, usiilaumu betri, chunguza klipu, kutu ya kijani kwenye vichwa, au chaja yenyewe. Mpe muda. Betri ya 70 iliyobaki nusu, kwa chaja ya ampea 5, inataka saa saba na zaidi, si saa mbili za ibada. Ukimaliza, toa chaja, funga gari, liache saa kadhaa bila kuligusa ili kompyuta isome betri iliyotulia. Onyo likibaki baada ya hapo, kagua waya zote zilizoongezwa na mtu asiye kiwandani: tracker, kamera, redio, spika.

Taa nyekundu ya betri ikiwaka unapoendesha ni jambo lingine kabisa. Hapo mara nyingi ni alternata au mkanda wake, na mkanda huo kwenye magari mengine ndio unaozungusha pampu ya maji. Tafuta mahali salama usimame. Usiseme nitafika Naivasha kwanza.

Na aina ya betri, nilitaka kusahau. Gari letu lilikuja na betri ya AGM, ambayo ni ghali, na sisi mara zote mbili tulinunua ya kawaida kwa sababu ilikuwa na bei nzuri. Gari linalojizima kila foleni huichosha haraka betri ya kawaida. Chaja nazo zina hali ya AGM na ya kawaida, na lazima ilingane na betri iliyomo. Siku hii ikichoka tutanunua inayofaa, na fundi ataiandikisha kwenye kompyuta ya gari kama kitabu kinavyotaka. Lakini siku hiyo si leo. Fundi ameipima kwa kuwasha injini, haikushuka chini ya volti 10, na amesema tuitumie.

Amplifaya sasa ina swichi na fyuzi yake, na waya wake wa hasi umehamishiwa kwenye bodi. Kazi yote pamoja na mashauri ilikuwa shilingi 2,500. Jumapili tuliegesha gari saa kumi na moja jioni. Leo ni Alhamisi asubuhi, nimetoka kulipima sasa hivi kabla ya kuandika: 12.6.

Dereva wetu anarudi kazini Jumatatu. Nilienda kwake Jumamosi usiku pamoja na mama mchungaji, tukaketi, nikaomba msamaha, akanipa chai. Wale wengine mlioandika kwenye grupu, namba yake hajabadilisha.

Barikiwa.