Gredi 7 Wanasoma Lakini Hawaandiki: Mwalimu wa JSS Afanyeje na Dakika 160 kwa Wiki?

Matokeo ya kwanza kabisa ya KJSEA yalipotoka Desemba 2025, gumzo lote lilikuwa la pointi na shule. Nani amepata EE1, nani ameitwa wapi, karo ni pesa ngapi. Watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni moja, na Januari 2026 wakaingia Gredi 10.

Kuna swali lililopita kimya kimya. Je, watoto hawa wanaweza kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili na mtu mwingine akausoma akaelewa?

Walimu wengi wa Kiswahili watakwambia tatizo ni sarufi. Watoto hawajui ngeli, wameharibiwa na Sheng, wanaandika "hiyo kitabu iko wapi". Mimi naona tatizo liko kwingine. Watoto hawaandiki. Wanafundishwa habari za kuandika, wanaandikiwa mifano ubaoni, wanakariri misemo, lakini wao wenyewe kushika kalamu na kutunga sentensi zao ni mara chache mno.

Tulifikaje hapa?

Rudi nyuma kidogo. Kundi la kwanza la CBC lilifanya KPSEA mwishoni mwa 2022, kisha likaingia Gredi 7 Januari 2023. KPSEA ile ilikuwa ya kuchagua jibu: A, B, C au D. Karatasi ya insha haikuwepo.

Chini ya 8-4-4, KCPE ilikuwa na Insha ya dakika 40 na alama 40. KCPE ilikuwa na mabaya yake mengi, na sina hamu irudi. Ila insha ile ilimlazimu mwalimu wa darasa la 6, 7 na 8 awaandikishe watoto, apende asipende. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na lile sharti likaenda nayo.

Upande wa kusoma, kazi kubwa ilifanywa huku chini. Mradi wa Tusome, ulioanza kote nchini 2015, uliwafundisha watoto wa darasa la 1 hadi la 3 kutambua sauti, silabi na maneno, kwa Kiswahili na Kiingereza, kila mtoto na kitabu chake. Lakini ulikomea hapo darasa la 3. Kusoma kwa sauti bila kukwama ni jambo moja. Kusoma kurasa tatu na kujua mwandishi anasema nini, na anaficha nini, ni jambo lingine kabisa, na hilo halikupata mradi wake.

Kwa hiyo mwalimu wa Gredi 7 anapokea mtoto anayesoma kwa sauti nzuri tu, lakini mwambie aandike aya moja kuhusu kwa nini mto wa kijijini kwao umechafuka, anakutazama.

Hesabu ya dakika na madaftari

Kiswahili sekondari msingi, au JSS kama tulivyozoea kuiita, kina vipindi vinne kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Jumla ni dakika 160. Mtaala una mada nne: kusikiliza na kuzungumza, kusoma, kuandika na sarufi. Walimu wengi hugawa mkate sawasawa. Jumatatu kusikiliza, Jumanne kusoma, Jumatano kuandika, Alhamisi sarufi. Kila siku ni kitu kipya kisichohusiana na cha jana.

Sasa ongeza kusahihisha. Darasa lina watoto 60. Insha moja ya ukurasa na nusu, ukiisoma kwa haki, itakula dakika tano. Hizo ni saa tano kwa darasa moja. Ukiwa na madarasa matatu ni saa 15. Nani ana saa 15? Ndiyo maana insha huandikwa mara moja kwa muhula, hurudi ikiwa na wino mwekundu kila mahali, na mtoto huangalia alama tu na kufunga daftari.

Tena katika shule nyingi anayefundisha Kiswahili JSS hakusomea Kiswahili. Alisomea bayolojia au hesabu, akapewa Kiswahili kwa sababu hakuna mwingine. Kumlaumu haisaidii. Anahitaji njia inayowezekana.

Kifungu kimoja, wiki nzima

Jambo la kwanza ni kuacha kugawa mkate. Chukua kifungu kimoja kifupi, maneno 200 hadi 300, ukae nacho wiki nzima. Kinaweza kutoka kitabu cha kiada, gazeti, tangazo la chifu, hata maelezo ya dawa ya mifugo. Jumatatu wanakisoma, Jumanne wanakijadili na kukifupisha, Jumatano wanatoa sarufi ndani yake, Alhamisi wanaandika kitu kinachokijibu. Mada zote nne za mtaala zimeguswa, na mtoto hajaanza upya kila asubuhi.

Kusoma kwa zamu, mmoja anasoma aya huku 59 wakisubiri au wakisinzia, kupunguzwe. Wape dakika saba wasome kimya. Kisha wawiliwawili, vitabu vimefungwa, mmoja amsimulie mwenzake alichosoma. Mwenzake aseme kilichoachwa. Baada ya hapo kila mmoja aandike sentensi moja tu: kifungu kinasema nini? Zoezi dogo, lakini halikubali mtoto ajifiche.

Halafu kuna maswali ya ufahamu. Hebu soma sentensi hii niliyoitunga: "Mpwiza alikitwengua kibwalo kando ya mto." Nani alikitwengua kibwalo? Mpwiza. Alikitwengua wapi? Kando ya mto. Umepata mbili kwa mbili, na hujui mpwiza ni nani wala kutwengua ni kufanya nini! Hivyo ndivyo maswali mengi ya ufahamu yalivyo. Mtoto anawinda neno, ananakili, anapata vema. Maswali ya kazi ni yale ambayo jibu lake halijaandikwa popote: Kwa nini mama alinyamaza? Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ni sentensi gani iliyokufanya udhani hivyo?

(Na ukitazama vizuri, uliona "-ki-" ya alikitwengua inaenda na kibwalo bila kuambiwa. Sarufi nyingi mtoto anayo sikioni. Hajaihamishia kwenye kalamu tu.)

Sarufi itoke kwenye daftari la mtoto

Hapa najua kuna walimu tutakosana. Kuna ripoti ya Marekani ya 2007, Writing Next, ya Steve Graham na Dolores Perin, iliyokusanya tafiti za kufundisha uandishi kwa wanafunzi wa gredi ya 4 hadi 12. Kufundisha wanafunzi namna ya kupanga na kurekebisha kazi yao, na kuwafundisha kufupisha matini, kulikuwa kati ya njia zilizoinua uandishi zaidi. Kuunganisha sentensi kulisaidia kiasi. Kufundisha sarufi peke yake, kanuni na mazoezi ya kujaza pengo, hakukuinua uandishi. Matokeo yalielekea hata upande wa hasara.

Hizo ni tafiti za Kiingereza, na Kiswahili kina ngeli zinazofunga sentensi nzima, kwa hiyo sisemi sarufi itupwe. Nasema ihamishwe. Badala ya jedwali la ngeli ubaoni, chukua sentensi tano kutoka madaftari ya darasa, bila majina. "Hiyo kitabu iko wapi." "Gari ilikwama na watu zikashuka." Ziandike ubaoni, waulize zingekuwaje kwenye barua ya kwenda kwa mkuu wa shule. Watazirekebisha wenyewe, na watabishana. Hapo ndipo uwape jina la kanuni.

Sheng nayo isipigwe vita. Mtoto anayesema "hiyo kitabu" barabarani hajakosa akili, ana mtindo mwingine wa lugha. Mwambie aandike habari moja mara mbili: kwanza ujumbe wa WhatsApp kwa rafiki, kisha taarifa kwa chifu. Tofauti ataiona kwa macho yake.

Kuunganisha sentensi ndiko ningekupa kipaumbele, kwa sababu hakugharimu kitu. Andika: "Mvua ilinyesha. Barabara ilijaa tope. Matatu ilikwama. Abiria walishuka." Waambie wafanye sentensi moja. Mmoja ataleta: "Mvua iliponyesha, barabara ilijaa tope hadi matatu ikakwama na abiria wakashuka." Mwingine: "Abiria walishuka kwenye matatu iliyokwama kwa sababu ya tope." Sasa jadilini ya kwanza inakaza nini na ya pili inakaza nini. Katika dakika kumi umefundisha -po-, -ka- na kirejeshi, na hakuna aliyesinzia. Mwalimu wa bayolojia anaiweza hii. Hahitaji kukariri majina ya viambishi vyote kwanza.

Aya moja, kosa moja

Turudi kwa yale madaftari 60. Badala ya insha moja ndefu kwa muhula, waandike aya ya sentensi tano au sita mara mbili kwa wiki. Kabla hawajaanza, watangazie: leo naangalia kitu kimoja tu, mwanzo na mwisho wa sentensi. Wiki ijayo, upatanisho wa ngeli. Inayofuata, kama kila hoja ina sababu. Ukisoma jambo moja, aya moja inakuchukua dakika moja au chini. Darasa zima ni saa moja. Na si lazima usome zote: kusanya 20 leo, 20 kesho kutwa, nyingine wabadilishane wenyewe kwa swali lile lile moja.

Wazazi watalalamika kwamba makosa mengine yameachwa. Waelezeni. Mtoto akirudishiwa makosa 27 hatarekebisha hata moja.

Na jamani, tuachane na insha za kukariri. Mtoto ana mwanzo mmoja wa kila insha, ameamka alfajiri na mapema, jua linachomoza, ndege wanaimba, hata kama mada ni ajali ya usiku. Misemo mizito mitano imebandikwa popote. Alama zinapewa misemo, na mtoto anajifunza kwamba kuandika ni kupamba. Mpe mada inayomhusu kweli: maji shuleni, nauli iliyopanda, simu aliyonyang'anywa. Muulize, msomaji wako ni nani na unataka afanye nini?

Wale ambao hata aya hawasomi

Wapo, kila darasa. Tathmini za Uwezo, zilizoanza 2009, zimetuonyesha kwamba kufika madarasa ya juu hakumaanishi kusoma. Katika wiki ya kwanza ya muhula mwite kila mtoto pembeni, dakika moja, asome aya moja rahisi. Anayekwama, mpe maneno. Akikwama tena, silabi. Usimtangaze mbele ya wenzake. Mtoto wa miaka 13 aliyechekwa hatafungua kinywa tena hadi Gredi 9.

Hawa wanahitaji hadithi fupi za kiwango chao, dakika 15 au 20 kila siku, na mwenzao anayejua. Vitabu si lazima vinunuliwe. African Storybook ina hadithi za Kiswahili za bure, za viwango tofauti, na simu moja ya mwalimu inatosha kuzipakua. Bila hatua hii, hayo mengine yote niliyoandika hayatawafikia.

Serikali na mwalimu mkuu

Alama ya mwisho ya Gredi 9 hutokana na KJSEA asilimia 60, KPSEA asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi 7 na 8 asilimia 20. Hizo 20 za shuleni ni nafasi ambayo KNEC inaweza kuitumia kudai uandishi halisi, kwa mfano mkoba wa kazi kumi za mtoto zinazoonyesha rasimu ya kwanza na ya mwisho. Mwalimu hufundisha kinachopimwa, tusijidanganye.

TSC nayo ina deni la kupeleka walimu wa lugha pale ambapo hawapo. Hilo litachukua muda na bajeti.

Ratiba ya shule, hata hivyo, hupangwa shuleni. Vipindi vinne vya Kiswahili vinaweza kuwa kimoja cha dakika 80 na viwili vya dakika 40. Katika dakika 80 mtoto anasoma, anabishana, anaandika, anasomewa na mwenzake na kuandika upya, yote kabla kengele haijalia. Mwalimu mkuu anaweza kuanza nalo muhula ujao, na halihitaji barua kutoka Jogoo House.