Umeme Ardhini: Dawa ya Udongo wa Mfinyanzi, Si ya Kila Sumu

Kuna uchafuzi ambao pampu imeshindwa nao. Kwa miongo kadhaa Marekani na Ulaya zimesafisha maji ya chini ya ardhi kwa kuyavuta juu, kuyachuja na kuyaachia. Mwanzoni vipimo hushuka kwa kasi na kila mtu hufurahi. Baadaye hukwama. Mitambo ikizimwa, sumu hurudi visimani.

Chanzo cha ukaidi huo mara nyingi ni udongo wa mfinyanzi. Mchanga hupitisha maji, kwa hiyo sumu iliyomo husukumika. Mfinyanzi ulioshikana ni jambo jingine: humo maji yanaweza kusogea sentimita chache tu kwa mwaka. Sumu iliyokaa juu yake kwa miaka thelathini imepenya taratibu, na itatoka taratibu vilevile, ikilisha mchanga wa jirani miaka nenda rudi. Ni kama jerikeni lililobeba mafuta ya taa: lioshe mara kumi, tia maji safi, kesho yananuka.

Hapo ndipo linapoingia wazo la kupitisha umeme ardhini ili kuwasaidia bakteria, na swali langu ni kama mamlaka zetu za mazingira zinapaswa kulikubali likiletwa mezani. Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa masharti makali kuliko wauzaji watakavyopenda.

Umeme wenyewe hauli sumu. Kazi yake ni uchukuzi. Mwanzoni mwa karne ya 19, mwanasayansi Ferdinand Friedrich Reuss aliyekuwa Moscow aliona kuwa umeme wa betri ukipita kwenye mfinyanzi uliolowa, maji husogea ndani yake. Katika miaka ya 1990, huko Paducah, Kentucky, kampuni za Monsanto, DuPont na General Electric zilishirikiana na serikali ya Marekani kusukuma maji yenye kiyeyushi cha traikloroethilini yapite kwenye tabaka za kuyatibu zilizozikwa ardhini. Wakaiita mbinu hiyo Lasagna, jina la chakula cha Kiitaliano, kwa sababu ya zile tabaka. (Wahandisi nao huwa na njaa.) Bakteria hawakuwa kiini cha jaribio hilo, lakini lilionyesha kuwa mfinyanzi unapitika.

Kinachowafaa zaidi bakteria si msukumo wa maji, bali safari ya chembe zenye chaji. Chukua laktati, chakula cha bakteria na chumvi ya asidi ileile inayoupa mtindi uchachu wake. Ina chaji hasi, basi huvutwa kuelekea elektrodi chanya. Kwa volti moja hivi au pungufu kwa kila sentimita ya udongo, inaweza kwenda sentimita kadhaa kwa siku, mahali ambapo pampu ingehitaji mwaka au zaidi kuifikisha umbali huohuo. Na mwendo huo hautegemei sana ukubwa wa matundu ya udongo, kwa hiyo chakula hakikimbilii kwenye mchanga na kuuruka mfinyanzi, kama kinavyofanya kikidungwa kwa shinikizo.

Jaribio ninalolirejea zaidi ni la Skuldelev, kijiji cha Denmark kilicho maarufu kwa merikebu za kale za Waviking. Chini yake mna mfinyanzi ulioingiwa na perkloroethilini, kiyeyushi cha kuondolea grisi kwenye vyuma ambacho madobi wa draiklina nao wamekitumia duniani kote. Watafiti waliingiza laktati kwa umeme pamoja na bakteria wa jamii ya Dehalococcoides, na sumu ikavunjwa ndani ya mfinyanzi wenyewe. Majaribio ya aina hiyo yakafanywa pia kwenye kituo cha ndege cha jeshi la majini la Marekani cha Jacksonville, Florida.

Bakteria huyo ndiye anayestahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walieleza kuwa anaweza kuivua perkloroethilini klorini zake zote hadi ibaki ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi. Anazitumia molekuli hizo kama sisi tunavyotumia hewa, huku oksijeni yetu ikimuua. Sasa tazama mtego. Uvuaji huo huenda hatua kwa hatua, na kabla ya ethilini kuna kloridi ya vinili, ambayo husababisha saratani kwa binadamu bila ubishi. Bakteria wengi wanaweza kuanza kazi hii. Wanaoweza kuimaliza ni wachache mno. Chakula kikiisha njiani, au bakteria sahihi wakikosekana, utakuwa umebadilisha sumu moja kwa nyingine iliyo mbaya zaidi, na karatasi ya maabara itasema kwa ukweli mtupu kwamba perkloroethilini imetoweka. Ripoti ya namna hiyo inaweza kumlipa mkandarasi na kuwaangamiza wanaochota maji.

Umeme nao una madhara yake. Kwenye elektrodi chanya hutokea asidi na oksijeni, na kwenye hasi huzaliwa alkali. Ukiacha hivyo, utawaua bakteria unaowalisha, kwa hiyo lazima asidi na alkali vidhibitiwe kila wakati, kwa gharama. Elektrodi huliwa na kutu. Mabomba ya chuma yaliyo karibu huliwa pia, maana mkondo uliopotea njia hupenda chuma. Kukatika kwa umeme, kwa upande mwingine, si msiba mkubwa: uchukuzi husimama, kisha huendelea. Mahitaji ya umeme kwa bakteria ni madogo sana yakilinganishwa na mbinu ya kuuchemsha udongo hadi sumu itoke kama mvuke, na sola inaweza kutosha kwa eneo dogo.

Tuje kwetu. Mwaka 2015 iligundulika kuwa bomba la mafuta la kutoka Mombasa kwenda Nairobi lilikuwa limevuja huko Thange, kaunti ya Makueni, na mafuta yakafika mtoni. Mafuta ni chakula cha bakteria wa asili. Palipo na mchanga, hewa na mbolea vinatosha, na mtu anayetaka kuleta elektrodi hapo anatafuta wateja. Palipo na mfinyanzi umeme una hoja, lakini kuupitisha kando ya bomba la chuma lililobeba mafuta ni kukaribisha mvujo mwingine.

Owino Uhuru, Mombasa, ni kisa tofauti kabisa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia wakazi madini ya risasi kwenye udongo na miilini. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikawapa tena ushindi waliokuwa wamenyang'anywa katika rufaa. Lakini risasi ni elementi, na hakuna bakteria anayeweza kuitafuna ikaisha. Umeme unaweza kuiburuta kuelekea elektrodi ukisaidiwa na asidi, lakini kuifanya risasi itembee chini ya nyumba za watu ni kamari ambayo sitaiunga mkono. Pale panahitajika koleo, malori na dampo salama. Si kazi ya vijidudu.

Sheria za mazingira za Kenya ya 1999 na Tanzania ya 2004 zinaruhusu mchafuzi kuamriwa arejeshe mazingira. Tatizo ni kwamba agizo likishatolewa, mchafuzi huyohuyo mara nyingi ndiye anayekuja na mkandarasi, mbinu na kipimo cha mafanikio. Hapo teknolojia yenye jina zuri huwa kichaka cha kujifichia.

Kwa hiyo naziomba mamlaka za mazingira, NEMA ya Kenya na NEMC ya Tanzania, zisipokee pendekezo lolote la umeme na bakteria kabla ya mashimo ya uchunguzi kuchimbwa na kuonyesha ni udongo gani na ni sumu gani iliyomo. Likipita hapo, malipo ya mwisho yasubiri ethilini ionekane na kloridi ya vinili ishuke, tena kwa vipimo vya maabara isiyolipwa na mchafuzi, vikirudiwa miaka kadhaa baada ya umeme kuzimwa. Na wanakijiji wapewe nakala ya vipimo hivyo kwa Kiswahili.